Mbwa aliyekomaa akikojoa ndani, anza na harufu

Mbwa wetu wa miaka sita alirudia kona ileile nyuma ya kochi kila nikimaliza kupiga deki, mpaka nilipoachana na sabuni ya kawaida. Fanya hivi: kandamiza kitambaa kikavu kinyonye mkojo, usisugue, kisha mwagia dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya (vitu vinavyovunjavunja mabaki ya mkojo) hadi ifike kule mkojo ulikofika. Kama ni zulia, basi hadi upande wa chini. Iache dakika 10 hadi 15, au kadiri kibandiko kinavyosema, ndipo ukaushe. Sabuni huondoa doa tu. Mabaki ya mkojo hubaki, na siku ya unyevunyevu harufu huamka tena. Wewe huisikii, yeye anaisikia, na kwake hapo ni choo. Usitumie dawa yenye amonia, inanuka kama mkojo wenyewe. Klorini nayo iache: ikikutana na mkojo hutoa mvuke unaochoma macho na kifua. Siki na maji nusu kwa nusu husaidia kidogo, kidogo kweli.

Usafi huu hautafua dafu kama tatizo liko mwilini mwa mbwa. Mbwa aliyezoea kutoka nje akianza ghafla kukojoa ndani, akawa anakunywa maji kupita kawaida, anachuchumaa mara kwa mara na kutoa matone, au anaamka malazi yamelowa, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari au ugonjwa wa figo. Kumchapa? Atajifunza kujificha tu, na mkojo utaukuta nyuma ya kabati.