Ijaribu fonti kwa neno Ilala

Kabla hujachagua fonti ya bure isiyo na vijimkia (vistari vidogo kwenye ncha za herufi) kwa tovuti yako, andika "Ilala 1" kwa ukubwa wa pikseli 16, kisha itazame kwenye simu ukiwa juani. Kama I kubwa, l ndogo na 1 vimegeuka vijiti vinavyofanana, iache; mteja atakosea namba ya malipo. Atkinson Hyperlegible, iliyotolewa na Braille Institute, taasisi ya Marekani ya kusaidia wasioona, inazitofautisha vizuri sana: l yake imepinda chini.

Pakua faili za WOFF2 (muundo wa fonti za tovuti), uzito wa 400 (wa kawaida) na 700 (mnene) tu, sehemu ya herufi za Kilatini. Kiswahili hakihitaji zaidi, na kila faili la ziada linakula bando la msomaji. Ila 700 usiisahau: bila hiyo kivinjari huzinenepesha herufi chenyewe, na matundu ya a na e yakaziba.

Kwenye @font-face, yaani sehemu ya CSS inayoitambulisha fonti kwa kivinjari, weka font-display: swap, ili maandishi yaonekane mapema kwa fonti ya simu wakati yako bado inashuka. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo line-height (urefu wa mstari) iwe 1.5. Mwisho kagua neno ng'ombe: ritifaa yake (') ikionekana ya fonti nyingine, alama hiyo haimo kwenye faili.