Mji unaotembea kwenye gemu yako: anza na spidi, kuchora baadaye

Watu wengi wakitaka kuweka mji unaotembea kwenye kampeni yao, yaani stori ndefu ya gemu ya mezani ya kuigiza wahusika kwa dadu, wanaanza na kuchora, minara huku, miguu ya chuma kule, soko juu ya mgongo wa kobe mkubwa, michoro mikali kweli, afu siku ya kucheza unakuta ni mji wa kawaida tu ambao eti unatikisika. Mi naona uanze na spidi, mengine yote yanatoka hapo.

Na ifanye ndogo. Ile mashine ya NASA inayobeba roketi mpaka pedi ya kurushia, imetengenezwa miaka ya 1960 na bado ipo kazini, ikiwa na mzigo inaenda kama kilomita 1.6 kwa saa. Utasema hapo gemu itanoga vipi? Piga hesabu. Mji wa spidi hiyo ukitembea mchana na usiku bila kulala unamaliza kama kilomita 38 kwa siku, na kwenye Dungeons & Dragons, gemu maarufu ya aina hiyo, kikundi kinachotembea kwa miguu mwendo wa kawaida, masaa 8 kwa siku, kinafika maili 24, ambazo ni hizo hizo 38! Yaani wako sawa kabisa. Sasa wachezaji wako wakishuka kuchungulia magofu wakakaa huko nusu siku, mji hauwasubiri, na kesho hata wakitembea vizuri tu bado wako nyuma kilomita 19, keshokutwa vile vile. Itabidi wakeshe njiani na kuchoka, au watafute farasi, au wakate kupitia korongo ambalo mji hauwezi kupita. Hujawatupia zimwi hata moja na presha tayari wanayo.

Kwenye mapigano ni hivyo hivyo. Raundi, yaani zamu ya sekunde 6, ngome (ndo huo mji wako) inasogea kama mita 2.7, karibu viboksi viwili vya ramani, kila kimoja mita 1.5, wakati mtu mzima wa afya anatembea mita 9, kwa hiyo akianguka anainuka na kuidaka ngazi tena bila shida. Ila aliyevunjika mguu hawezi kusogea, au aliyekaa kumhudumia mwenzake aliyezimia, kila raundi anaona ngazi inampita viboksi viwili. Usihangaike kusogeza ngome kwenye ramani, iache palepale katikati, afu mwisho wa kila raundi vuta kila kitu kilicho chini, miti, mawe, maadui, mwenzao aliyeanguka, viboksi viwili kurudi nyuma. Wachezaji wakiona kimwanasesere cha mwenzao kinaburutwa kuelekea ukingo wa meza wanaamka wenyewe.

Baada ya hapo amua kwa nini mji hausimami. Sababu moja tu inatosha ila iwe ya kuuma, mfano boila ikipoa inapasuka, na boila inakula kuni, na kuni ziko msituni, basi kila mtu mwenye akili anajua mji utapita wapi. Vijiji vya mbele vinajua wiki nzima kabla, wengine wanaandaa bidhaa za kuuza, wengine wanahamisha ng'ombe na kuficha watoto maana mji unaokula kuni utakula na mapaa ya nyumba zao. Nyuma nako kuna watu, kuna waokota takataka, waliofukuzwa mjini, madeni yanayofuata kwa miguu. Hapo nyuma usipaache, ndo kuna stori kuliko ikulu.

Ramani ya ndani usijiue nayo, sehemu tano sita zinatosha.

Jambo lingine, tafadhali usiipe ngome rundo la pointi za uhai, zile zinazopungua kila ukipigwa, kama dragoni. Itakuwa saa nzima ya kurusha dadu. Igawe: miguu au magurudumu, moto, usukani, na watu wanaoiendesha. Kila kimoja kina hali tatu tu, kizima, kimeumia, kimekufa, na kila kimoja kina namna yake ya kufikiwa, usukani unaweza kuupata kwa maneno, moto kwa maji, watu kwa kuwaacha bila mshahara. Wachezaji watakuja na wazo la ajabu na ulikubali tu, mbona hata kwenye historia lipo. Mwaka 305 KK mfalme Demetrius alipouzingira mji wa Rhodes alijengewa mnara wa magurudumu wa orofa tisa, karibu mita 40 kwenda juu, na simulizi moja ya kale inasema watu wa Rhodes walimwaga maji na uchafu usiku pale utakapopita, mnara ukazama kwenye tope ukakwama. Kwa hiyo ngome ikiingia ardhi laini rusha dadu ya pande sita, ikija 1 imezama. Kama mji wako unaruka, tope haliuhusu, basi ufunge kwenye kitu kingine, upepo au minyororo, la sivyo hakuna atakayeweza kuugusa.

Mji ukikwama usiukwamue haraka. Pembeni ya daftari andika wanaoufuata wako umbali gani, afu kila siku inayopita hapo kwenye tope punguza 38.