Tafuta kwanza kwa grep, ndipo ubadilishe kwa sed

Kati ya amri za terminali, grep hutafuta maandishi ndani ya faili, na sed huyabadilisha. Sijawahi kujutia kutafuta kabla ya kubadilisha. Nikitaka toleo 2.5 liwe 3.0, naanza na grep -n '2.5' maelezo.txt, kisha nasoma kila mstari uliotoka. Hapo ndipo niliponaswa siku za mwanzo: 215 na 2-5 nazo zilitokea! Kwenye ruwaza, yaani maandishi unayoipa grep iyatafute, nukta husimama badala ya herufi yoyote moja. Ukitaka nukta yenyewe, itangulize mkwaju wa nyuma: '2\.5'. Na usiache zile alama za nukuu, maana bila hizo sheli, programu inayopokea amri zako, huondoa mkwaju kabla grep haijauona. Bado 12.5 itapita, ongeza -w ili grep ikubali neno zima tu.

Ukiridhika, andika sed 's/\b2\.5\b/3.0/g' maelezo.txt. Hiyo \b, mpaka wa neno, inafanya kazi kwenye sed ya GNU, ile ya kawaida kwenye Linux. Bila g, hubadilika pa kwanza tu katika kila mstari.

Matokeo huja kwenye skrini, faili haijaguswa. Yasome. Kisha rudia ukitumia sed -i.bak, ambayo hubadilisha faili yenyewe, nakala ya zamani ibaki kama maelezo.txt.bak.

Kwa njia za faili, ambazo tayari zina / ndani yake, tenganisha sehemu za amri ya sed kwa | badala ya /: 's|/var/log|/srv/log|'.