Kumsaidia Askari Aliyerudi Somalia na Kiwewe cha Vita

Tangu majeshi ya Kenya yaingie Somalia mwezi Oktoba 2011, na hasa baada ya Al-Shabaab kushambulia kambi yao ya El Adde huko tarehe 15 Januari 2016, ziko familia zilizompokea baba au kaka aliyerudi mzima wa mwili lakini asiyeweza tena kulala. Ukiona anaota majinamizi, anashtuka mlango ukibamizwa, anakwepa watu na habari za vita, na hali hiyo ikapita mwezi mmoja, jua kwamba hicho ni kiwewe cha vita, ugonjwa unaotibika, wala si uoga wala kurogwa.

Anapoweweseka usiku, usimtikise. Simama mbali kidogo, washa taa, mwite kwa jina lake na umwambie kwamba yuko nyumbani. Usimdadisi aliona nini au alimuua nani. Mwambie tu kwamba akitaka kusema utamsikiliza, kisha unyamaze kweli, jambo ambalo naliona gumu kuliko yote. Watoto waelezwe kwamba ukali wa baba hautokani na kosa lao.

Mshawishi aende kwa mwanasaikolojia au daktari wa akili, kwani tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe husaidia sana, na dawa huongezwa inapohitajika. Akitamka kwamba ni afadhali afe, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, ondoeni silaha na dawa za kuulia wadudu, msimwache peke yake, na mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo.