Kope zikivimba: kukitafuta kipodozi kinachokudhuru na kupata mbadala mpole

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote mwilini, karibu nusu milimita tu. Kitu ambacho kiganja au shavu hukivumilia miaka kumi bila neno, kope hukikataa. Watu wengi macho yakiwawasha hutupa maskara, hununua nyingine ya bei kubwa zaidi, na wiki mbili baadaye wako palepale. Usimtafute mchawi kwenye maskara peke yake. Mara nyingi kinachovimbisha kope hakikupakwa machoni kabisa: kimetoka kwenye kucha, au kwenye rangi ya nywele na shampuu, kikafikishwa machoni na vidole au povu. Kwa hiyo tafuta kwanza, nunua baadaye.

Kuunguzwa si sawa na mzio

Ukipaka kitu kikachoma ndani ya dakika chache, na ukikiosha unapata nafuu, huenda kimekuunguza tu. Yeyote angeweza kuunguzwa, hasa kama ngozi ilikuwa tayari imesuguliwa. Mzio wa ngozi una tabia nyingine. Huchelewa saa 12 hadi siku 3, unawasha zaidi ya kuchoma, na asubuhi unaamka kope zimejaa maji, baadaye zinakauka na kutoa magamba. Uvimbe wa Jumatatu uulize ulichopaka Jumamosi. Na usikiondolee lawama kipodozi kwa sababu umekitumia miaka mitatu bila shida. Mwili unaweza kuanza kukikataa siku yoyote, na ukishaanza hausahau.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi wazi. Utaona weusi wa kijivu au wa zambarau, na mikunjo ya kope inakuwa minene. Weusi huo unaweza kubaki miezi kadhaa baada ya mwasho kuisha. Hapo ndipo wengi wanapoharibu kabisa: wanapaka mkorogo ili kope zing'ae. Mkorogo mwingi una steroidi (dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi) kali kama klobetasoli, na steroidi ikipakwa karibu na jicho kwa muda inaweza kuongeza presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Weusi huo uache, hufifia wenyewe mwasho ukikoma.

Wiki mbili hadi nne bila kitu

Acha kila kitu usoni: wanja, maskara, poda ya kope, fondesheni, krimu, hata waipsi za kufutia. Toa rangi ya kucha na kucha za jeli. Osha uso kwa maji matupu. Kope zikiwaka, loweka kitambaa safi cha pamba kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kamua kidogo, weka juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 10, mara tatu au nne kwa siku. Kisha paka vaselini nyeupe isiyo na manukato, kiasi cha punje ya mchele kwa kila jicho. Usiweke chai, limao, asali wala maziwa ya mama.

Ukiacha siku nne tu kisha ukajaribu tena, hutajua kitu, kwa sababu ngozi iliyochubuka hulalamikia hata kisicho na kosa. Jicho likiuma lenyewe, likiogopa mwanga, likitoa usaha, au ukiona ukungu, usingoje wiki ziishe. Nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, hasa kama unavaa lenzi.

Kujaribu, kimoja kimoja

Ngozi ikishatulia, chukua kipodozi kimoja. Paka kiasi kidogo ndani ya kiwiko, eneo lenye ukubwa wa sarafu, asubuhi na jioni kwa siku 7, mahali palepale, bila kufunika. Ukiona vipele au mwasho, acha papo hapo na uandike jina lake. Kikipita salama, kipake kwenye kope za jicho moja tu kwa siku tatu kabla ya kupaka yote mawili. Kisha ndiyo uanze kingine. Ni kazi ya polepole, lakini ukirudisha vitatu kwa pamoja kope zikavimba, utakuwa umerudi mwanzo. Gundi ya kope, rangi ya nywele na piko usijijaribishie hivi nyumbani. Jaribio lenyewe linaweza kukuzulia mzio au kukuunguza.

Mahali pa kuangalia kwanza

Anza na manukato. Kwenye boksi yameandikwa "parfum" au "fragrance". Neno "unscented" (kisicho na harufu) halitoshi, kwani wakati mwingine manukato yamewekwa ili kuficha harufu nyingine. Tafuta "fragrance free" (kisichotiwa manukato) kisha soma orodha yote. Neno "hypoallergenic", yaani kisicholeta mzio kirahisi, usilitegemee kabisa. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilijaribu kuliwekea masharti mwaka 1975, mahakama ikayafuta mwaka 1977, na hadi leo kampuni huko hulitumia kwa maana inayoitaka yenyewe.

Halafu vihifadhi, yaani kemikali za kuzuia kipodozi kisioze: "methylisothiazolinone", "quaternium-15", "DMDM hydantoin". Hivi viko pia kwenye shampuu, waipsi na sabuni ya maji, ndiyo maana mtu anaweza kuacha vipodozi vyote na bado akavimba. Angalia "colophonium" au "rosin" kwenye maskara, "lanolin" kwenye krimu, na "carmine" au CI 75470 kwenye poda nyekundu na za waridi.

Piko inahitaji maneno yake. Weusi wake wa haraka mara nyingi hutoka kwenye PPD, kemikali ileile ya rangi nyeusi ya nywele, ambayo kwenye boksi huandikwa "p-phenylenediamine". Bibi harusi aliyechorwa piko mikononi akatoka malengelenge asikubali kamwe kupakwa rangi ya nywele kwenye nyusi au kope. Mwaka 1933 Marekani iliuzwa rangi ya kope yenye PPD iitwayo Lash Lure. Wanawake walipofuka, na madhara hayo yalichangia kuletwa kwa sheria ya vipodozi ya mwaka 1938. Rangi ya nywele haijatengenezwa kwa ajili ya macho, hata fundi wa saluni akisema ameipaka wateja mia.

Kope za kubandika moja moja hushikwa na gundi ya sayanoakrileti, na mvuke wake huunguza macho hata kwa asiye na mzio. Gundi ya kope za ukanda mara nyingi ina mpira asilia, yaani lateksi: kama glavu au puto hukuwasha, iepuke. Kucha za jeli nazo zina akrileti, na zikipakwa vibaya zikagusa ngozi bila kukaushwa vizuri kwenye taa, mwili hujifunza kuzikataa. Mzio huo unaweza kukufuata hadi kwa daktari wa meno, kwa kuwa vijazio vingi vya meno ni vya jamii hiyo. Mwisho, kikunjio cha kope na kibano: kama hereni za bei rahisi hukuwasha masikio, huenda una mzio wa nikeli, na vifaa hivyo vinaweza kuwa nayo.

Cha kutumia badala yake

Kwenye kope, chagua maskara inayotoka kwa maji ya uvuguvugu, ile inayobanduka kama vimirija vidogo. Maskara isiyopenya maji inahitaji dawa kali na kusugua, na kusugua peke yake kunatosha kuchubua kope. Kwa anayetia udhu mara tano kwa siku, inayotoka kwa urahisi inampunguzia pia kazi ya kusugua. Fungua mpya kila baada ya miezi mitatu. Usiongeze maji wala mate ikikauka.

Kwa wanja, chukua wa penseli, mweusi wa oksidi ya chuma, CI 77499, wenye orodha fupi ya viambato. Uchonge kila unapotumia, na upake nje ya mstari wa kope, si kwenye ukingo wa ndani unaogusa jicho. Wanja wa manga wa jiwe au unga ni jambo zito kuliko mzio: mwingi ni galena, yaani madini ya risasi. Usimpake mtoto mchanga kwa sababu yoyote, hata ya kijicho. Risasi hudhuru ubongo wake, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Masizi ya nyumbani nayo yana chembechembe zinazokwaruza.

Poda ya kope isiyo na vimetameta ni bora. Vimetameta huingia jichoni na kukwaruza. Wakati wa kutoa, lowanisha pamba kwa mafuta yasiyo na manukato (mafuta mengi ya watoto yanayo, soma chupa), ishikilie juu ya jicho lililofumbwa kwa sekunde 30, kisha futa kuelekea chini mara moja. Brashi zioshe kila wiki kwa sabuni isiyo na harufu. Vya majaribio dukani usivitie machoni.

Ukishindwa kukijua kinachokudhuru, mwombe daktari wa ngozi kipimo cha viraka. Viraka vyenye kemikali mbalimbali hubandikwa mgongoni kwa saa 48 bila kulowanishwa, ngozi ikakaguliwa vinapotolewa, kisha tena siku ya nne au baadaye, kwa hiyo panga kurudi zaidi ya mara moja. Beba vipodozi vyako pamoja na maboksi yake, rangi ya kucha na shampuu vikiwemo. Ukipewa majina ya kemikali zinazokudhuru, yapige picha kwenye simu kama yalivyoandikwa, na uyalinganishe na boksi ukiwa bado dukani, kabla ya kulipa.