Namna ya Kujenga Matabaka katika Mji wa Kubuni

Ukitaka mji wa hadithi yako uwe na matabaka yanayoaminika, usianze na kasri wala kibanda, bali amua kwanza ni nani aliyegawa ardhi na kwa sheria gani. Dar es Salaam inafundisha vizuri: tawala za Wajerumani na Waingereza zilitumia kanuni za ujenzi kutenga maeneo, Wazungu wakapata upande wa bahari wenye upepo, Wahindi wakakaa katikati penye maduka, Waafrika wakapangiwa Kariakoo na Ilala, huku Mnazi Mmoja ikiachwa wazi kati ya Uhindini na Uswahilini. Kanuni hizo zilikwisha zamani, ila anayetafuta nyumba Oysterbay leo bado analipia upepo uleule.

Kisha fuata maji. Amua bomba linaishia mtaa gani na nani ananunua kwa dumu la lita 20 kutoka kwenye mkokoteni, kwa kuwa mara nyingi mnunuzi wa dumu hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye bomba uani. Amua pia mvua ikinyesha maji yanaelekea kwa nani: baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi, hapo hapo Dar es Salaam, walihamishiwa Mabwepande, nje kabisa ya mji, mbali na vibarua vyao.

Usiishie kwenye tajiri na maskini. Weka katikati dalali (mhusika ambaye waandishi wengi humsahau, nami sielewi kwa nini), karani, na mjane anayelala chumba kimoja na kupangisha vitano kwa kodi ya miezi sita mbele; wenye faida ndogo kama hawa ndio huutetea utaratibu kwa ukali zaidi.

Hatimaye mpe mtu sababu ya kuvuka mpaka kila siku. Mfanyakazi wa ndani hupanda daladala mbili alfajiri, huingia kwa mlango wa nyuma, na hunywea chai kikombe chake kilichovunjika mkono, ingawa hakuna aliyemkataza vingine. Mtoto wa nyumba humwita dada na hamwamkii shikamoo, japo mfanyakazi huyo anamzidi umri mama wa mtoto. Liandike hilo bila kulifafanua, kisha linganisha nauli yake ya mwezi na mshahara uliompa, maana msomaji wa mjini atapiga hesabu hiyo.