Somo: Jino linapomuuma mgonjwa wa Lyme, na hatua za kupitia kabla ya kuling'oa

Somo hili linawahusu ndugu zetu wanaoishi Maine, Minnesota na majimbo mengine ya Marekani yenye kupe wa miguu myeusi, ndugu ambao wametibiwa ugonjwa wa Lyme, yaani maambukizi ya bakteria yanayoletwa na kuumwa na kupe hao, lakini bado wanasumbuliwa na meno na taya. Wengi wetu tumekua tukijua dawa moja tu ya jino, nayo ni koleo. Katika hali hii mtu anaweza kupoteza gego zima lisilo na ubovu huku maumivu yakibaki palepale.

Bakteria wa Lyme, ambaye Willy Burgdorfer alimtambua ndani ya kupe na kumtangaza mwaka 1982, huweza kushambulia viungo, kikiwemo kiungo cha taya kilicho mbele ya sikio, pamoja na mishipa ya fahamu ya uso. Hisia za meno yote hupita katika mshipa wa tano wa kichwa, kwa hiyo mshipa huo ukisumbuliwa, jino zima kabisa huweza kuhisiwa kana kwamba limeoza. Hata hivyo, mwenye Lyme naye hutoboka meno kama mtu mwingine yeyote, na kumsingizia kupe kila kinachouma ni kosa lilelile kwa upande wa pili.

Hatua ya kwanza ni kuyafahamu maumivu yako. Andika yanaanza saa ngapi, upande gani, kwa kitu gani na yanadumu kwa muda gani. Yakichomoza kwa maji baridi na kutoweka baada ya sekunde chache, mara nyingi ni msisimko wa kawaida wa meno. Yakiendelea kwa dakika nyingi baada ya chai ya moto, au yakikuamsha usiku, kiini cha jino huenda kimeathirika. Yanayohama kutoka jino moja hadi jingine na kufuatana na sikio au shingo huwa na chanzo kilicho nje ya jino.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo kiini cha somo, ni kumwona daktari wa meno ukiwa na maandishi hayo na kumweleza wazi historia yako ya Lyme. Atagonga kila jino taratibu kwa mpini wa kioo chake, atagusisha pamba yenye ubaridi, atakuagiza ung'ate kijiti na atapiga picha ya eksirei. Majibu yakigongana, mwombe apime kwa sindano ya ganzi: ikiwa mdomo na fizi vimekufa ganzi lakini maumivu hayajatikisika, chanzo kiko mahali pengine. Maumivu yakitulia bado si uthibitisho kamili, kwa kuwa baadhi ya maumivu ya mishipa ya fahamu nayo hunyamaza kwa ganzi; pamoja na hayo, mimi nakithamini kipimo hiki kuliko picha.

Hatua ya tatu ni matunzo ya nyumbani. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye nitrati ya potasiamu, kemikali ya kutuliza msisimko wa meno, mara mbili kwa siku, uteme povu bila kusukutua, na uipe wiki kadhaa kabla ya kuihukumu. Baada ya ndimu, ukwaju au soda, subiri nusu saa ndipo upige mswaki. Amitriptilini, ambayo wengi huandikiwa kwa maumivu na usingizi, hukausha mate, na meno ya kinywa kikavu huoza haraka. Ukiamka taya imechoka, huenda unasaga meno usingizini. Ulizia kikinga meno cha usiku.

Kwa kutuliza maumivu, ibuprofeni pamoja na parasetamoli husaidia kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito asinywe ibuprofeni bila kumwuliza daktari. Uvimbe wa uso wenye homa, kushindwa kumeza, upande wa uso kulegea, au maumivu ya taya yanayoambatana na maumivu ya kifua si mambo ya kusubiri asubuhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo dada. Nimekulia Dodoma na niliwahi kuugua homa ya papasi. Je, ndiyo Lyme hii?

Marahaba. Si ugonjwa mmoja, ingawa bakteria wake ni wa ukoo mmoja. Papasi huuma usiku kisha hurudi katika nyufa za nyumba, na homa yake huja na kuondoka. Kupe wa Lyme hung'ang'ania ngozini, na kwa kawaida huhitaji zaidi ya saa 24 kuambukiza. Mweleze daktari hata hivyo, kwa sababu homa ya papasi inaweza kuvuruga majibu ya kipimo cha damu cha Lyme.

Mafuta ya karafuu yanafaa?

Yanafaa kwa muda mfupi kwenye jino lililotoboka. Changanya tone moja na mafuta ya kula, weka kwa pamba juu ya jino, wala si kwenye fizi kwa kuwa huunguza, na usimpake mtoto. Maumivu yanayotoka kwenye mshipa hayatafikiwa.

Nilibakiwa na doksisaiklini, ile antibayotiki ya Lyme. Niimalizie jino likianza?

Hapana, kaka. Majaribio ya kitabibu hayakuonyesha nafuu ya kudumu kwa kurefusha antibayotiki katika dalili zinazobaki baada ya Lyme, na jino lenye usaha huhitaji kutibiwa lenyewe.

Daktari anataka kunitibu mzizi wa jino ilhali picha haionyeshi kitu. Nikatae?

Usikatae papo hapo. Mwulize ni kipimo gani kimemwonyesha kwamba ni jino hilo na si la jirani yake. Asipokuwa na jibu, mwombe rufaa kwa mtaalamu wa mizizi ya meno au wa maumivu ya uso kabla ya jino kutobolewa.